Thelathini na Ngapi?

Nilipima kopo la baruti mara tatu, na mara zote tatu mizani ikanipa jibu lile lile baya.

Ni tabia ya kazini. Nina diploma ya maabara niliyoisomea Bukavu, na hapa Midrand napima rangi kwenye kiwanda cha rangi za nyumba. Kitu kisichopimwa kabla na baada siwezi kukiamini. Kwa hiyo mume wangu Théodore alipoanza kushindilia mwenyewe risasi za ile bunduki yake kuukuu ya kuwindia, nilimpa sharti: kopo la baruti lipimwe kabla ya kila kazi, na uzito uandikwe ubavuni mwa kopo. Jumanne niliupima na kuuandika mimi. Jumatano, nikiwa kazini, yeye na rafiki yake Mzee Abdulrahman walishindilia risasi hamsini gerejini. Ijumaa nikawahi kutoka, nikapima tena. Risasi hamsini zilipaswa kula gramu mia moja. Zilikuwa zimekula mia na ishirini.

Gramu ishirini si kitu ukiziona kwenye kijiko. Lakini zigawe kwa hamsini: kila risasi ilikuwa imebeba karibu sehemu moja ya tano zaidi ya inavyostahili. Bunduki yenyewe ni ya wenzo, ule unaouvuta chini na kuurudisha ili kuingiza risasi nyingine, na ilitengenezwa kabla mama yangu hajazaliwa. Chuma cha umri huo hakisukumwi hovyo. Na anayepiga hulaza shavu juu yake.

Ilikuwa saa nane na nusu mchana. Théodore alikuwa anaondoka saa kumi na moja kwenda kuwinda Limpopo kwa gari la mzee huyo, kwa sababu lango la shamba la wanyama hufungwa saa tatu usiku na mwenye shamba hamfungulii mtu baada ya hapo.

Nilimkuta chumbani akipanga soksi. Nikamwambia hizo risasi haziendi popote. Akaniuliza kama nimeshakula.

Nisimlaumu kwa furaha yake. Alisubiri miaka tisa kupata karatasi za ukaazi wa kudumu, akafanya mtihani wa silaha, akasubiri leseni, akafunga sefu ukutani, akakaguliwa. Hii ilikuwa safari yake ya kwanza kuwinda na bunduki yake mwenyewe. Wiki nzima alikuwa anapiga mluzi bafuni. Lakini furaha haipunguzi baruti, nami nikamwambia hivyo.

Akasema lazima nilimwaga kidogo Jumanne. Nikasema sijawahi kumwaga. Akasema basi mizani yangu imechoka. Nikaweka juu yake pakiti ya sukari ya kilo moja, ikasoma kilo moja. Akasema anayepima ni Mzee Abdulrahman, na Mzee Abdulrahman ameshindilia risasi miaka ishirini na vidole vyake kumi bado anavyo.

Hapo ndipo nilipokasirika hasa. Abdulrahman ni Mtanzania wa kusini, ana duka la spea za magari katikati ya jiji, na ndiye aliyemwingiza mume wangu kwenye uwindaji. Siku ya kwanza walipokutana Théodore alitamka “masasi”, kama tunavyosema kwetu. Mzee akacheka hadi akakaa chini: “Masasi ni kwetu, ndugu yangu, ni wilaya nzima, huwezi kuishindilia kwenye bunduki. Wewe unataka risasi.” Mzaha huo ameurudia kila anapokuja. Nimeucheka mara mbili, zinatosha.

Nikasema mtu anayepima huku anapiga soga hapimi, anabahatisha.

Théodore akafunga zipu ya begi. Akasema hiyo ndiyo shida yenyewe: simpendi mzee wa watu, sasa namtafutia gramu za kumsingizia. Yeye anaondoka, na akifika shambani atapiga moja ya majaribio aone.

“Utaijaribu kwa jicho lipi, la kulia au la kushoto?” nikamwuliza.

Nikampigia Abdulrahman, nikaweka sauti ya wazi ili wote tusikie. Alikuwa amesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, magari yanapiga honi nyuma yake. Nikamwuliza Jumatano alipima ngapi kwa kila risasi.

“Thelathini na saba, shemeji. Kama ulivyoandika mwenyewe ukutani.”

“Niliandika thelathini na moja.”

“Eish, mama. Macho yangu bado yapo. Ni saba.”

Niliyomwambia baada ya hapo siyaandiki hapa. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema taa imewaka kijani, akakata.

Nikashuka gerejini, Théodore nyuma yangu. Kitabu cha vipimo vya baruti ni cha Kiingereza na herufi zake ni kama mchanga, kwa hiyo nilikuwa nimenakili kipimo chetu kwenye karatasi nyeupe, kwa wino wa buluu, tarakimu kubwa kama vidole, nikaibandika ukutani juu ya meza. Greini thelathini na moja. Greini ndicho kizio chao, kumi na tano na ushee ndiyo gramu. Nikaitazama. Thelathini na moja. Théodore akaitazama, akasema thelathini na moja. Basi nikaipiga picha, nikamtumia mzee pamoja na maneno machache.

Jibu lake lilikuwa picha ya kipande cha boksi. Alikuwa ameandika juu yake, kwa mkono wake, 31, na chini yake 37. Moja yake ilikuwa fimbo tu, imesimama wima. Saba yake ilikuwa fimbo yenye kipaa kifupi.

Nikarudi kwenye karatasi yangu. Moja yangu ni ile tuliyofundishwa na masista Bukavu: unaanza chini, unapanda mlima mrefu, ndipo unashuka. Saba ya kwetu hukatwa kiunoni kwa mstari, na isiyokatwa kiuno mimi siioni kuwa saba. Abdulrahman hakufundishwa na masista wangu. Kwake chochote chenye paa ni saba. Kazini miaka yote naandika kwenye kompyuta, hakuna aliyewahi kuisoma moja yangu.

“Kumbe mzee kasoma vibaya,” Théodore akasema. Alikuwa ananipa mlango wa kutokea.

“Hapana. Ni mimi. Karatasi ya kipimo husomwa na kila anayeingia. Angeiandika hivi mtu wa chini yangu kiwandani, ningemfukuza.”

Théodore bado alikuwa na mkanda wa begi begani. Akaushusha, akaenda kufungua sefu.

Leseni ni yake, kwa hiyo kugusa aligusa yeye. Mimi nilisoma mizani. Kuna nyundo ya plastiki yenye tundu kichwani: unafungia risasi humo, unagonga gogo, na kile kichwa cha risasi kinachomoka, baruti inamwagika ndani ya nyundo. Kwa bunduki nyingine hugonga mara tatu, nne. Lakini hii hupanga risasi foleni ndani ya bomba chini ya mtutu, kila moja ikiisukuma nyingine mgongoni, kwa hiyo midomo ya maganda lazima ibanwe sana, la sivyo vichwa vinadidimia. Théodore alikuwa amebana vizuri. Ya kwanza aligonga mara kumi na moja.

Thelathini na saba kamili. Akaweka ya pili.

Zilipofika sita, kundi la WhatsApp la majirani likaamka. Falonne wa namba nne aliuliza nani anajenga wakati mtoto wake amelala. Nikamjibu kwamba hatujengi, tunabomoa. Zilipofika kumi na mbili, Théodore, jasho linamtiririka, akasema zilizobaki tuzifungie kwenye sefu na karatasi juu yake.

“Karatasi ataiandika nani?” nikamwuliza.

Akaendelea kugonga. Kila moja niliipima, na kila moja ilikuwa saba, ishara kwamba mzee hakubahatisha hata kidogo. Alikuwa amepima kwa usahihi kipimo nilichompa. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kelele.

Ya hamsini ilichomoka saa kumi na dakika hamsini. Tukaanza upya, mimi nikitamka kipimo kwa maneno, yeye akikirudia kabla ya kumimina. Alikuwa amemaliza ya nane gari lilipopiga honi getini. Abdulrahman hakushuka. Alinipungia mkono dirishani kwa adabu kubwa mno.

Théodore akafuta mikono, akazifungia risasi nane kwenye kisanduku ambacho hubeba hamsini. Zilikuwa zinagongana humo ndani kama njugu.

“Zinatosha,” akasema, bila kunitazama. “Swala mmoja, risasi moja.”

“Moja ipi, yangu au ya mzee?” nikamwuliza.

Hakucheka. Akachukua begi, akatoka.