Miaka Miwili Niliyoifuta

Kijiko kiligonga glasi jikoni mara tatu, kikanyamaza. Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, Januari, na nje bado giza. Nikajua Seweryn, kijana niliyekuwa nikimsaidia kutafuta kazi, ameamka, au hakulala kabisa. Tulimlaza kwenye sofa letu kwa sababu basi la kutoka kijijini kwao lisingemfikisha mjini kabla ya saa mbili, na saa mbili ndipo alipoitwa kwenye usaili.

"Washa taa basi, mdogo wangu," nilimwambia. "Hiyo sukari utaitia sikioni."

"Sitaki kumwamsha Kalina, dada Bogna."

Kalina, binti yangu wa miaka minne, alikuwa ameshaamka, anakohoa. Chekechea hawampokei mtoto anayekohoa, na Mirka, mpenzi wangu ninayeishi naye, alikuwa zamu hospitalini. Basi tukaondoka wote watatu kwa gari.

Mimi ni mshauri wa kazi. Cheti nilikipata kwa masomo ya jioni, Kalina akiwa tumboni. Kwenye kikundi chetu huja wavulana wanaopenda wavulana, wasichana wanaopenda wasichana, na wale ambao jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa si yao. Wanakuja na vyeti vizuri na uso wa mtu aliyekataliwa kabla hajabisha hodi. Nami nakaa nao, nasoma wasifu wao wa kuombea kazi, nafuta kila kinachoweza kuwafichua. Mwaka juzi niliacha mstari mmoja tu kwenye wasifu wa msichana fulani, na kazi ikamponyoka siku hiyohiyo. Tangu hapo sijaacha hata mstari.

Kwa Seweryn nilifuta miaka miwili. Alikuwa mkuu wa vifaa kwenye maandamano ya usawa ya mji wetu: jukwaa, spika, jenereta, watu mia tisa barabarani na wengine pembeni wakirusha mayai. Na kazi aliyokuwa akiiomba ilikuwa ya kufunga majukwaa. Ndiyo, ileile. Lakini wateja wa mzee Ochman, mwenye kampuni hiyo, ni parokia na sherehe za mavuno, na mimi niliogopa.

Tulipofika kwenye ofisi yake, nilitaka mimi na Kalina tumsubiri Seweryn garini. Mzee Ochman mwenyewe akatoka na fulana yake ya sufu. "Mtamgandisha mtoto humo. Ingieni." Akampa Kalina biskuti ya tangawizi, akaushika wasifu mbali na uso wake, bila miwani.

"Toka umalize shule, hapa hakuna kitu. Ulikuwa jela?"

"Hapana, mzee."

"Utawani?"

"Hapana."

"Basi wapi?"

"Nyumbani."

"Na hayo mabega umeyapata kwa kulala?"

Seweryn akacheka kidogo. Mzee hakucheka.

"Haya. Jukwaa liko uwanja wa soko, kwenye mawe. Upepo umeanza, turubai limefura, kwaya ya kina mama iko juu inaimba. Unafanyaje?"

"Kwaya inashuka kwanza, hata kama wimbo haujaisha. Halafu turubai nalifungua pande mbili upepo upite. Ukilikaza linanyanyua jukwaa zima. Na kila pembe ningekuwa nimeshaweka tangi la maji la lita elfu moja, maana kwenye mawe kigingi hakiingii."

Mzee Ochman aliweka karatasi chini. "Wenzako kumi waliniambia kaza kamba. Wewe nani alikufundisha?"

Seweryn aliniangalia. Ningeweza kumwitikia kwa kichwa tu, aseme. Badala yake niliinama kumfunga Kalina kamba za viatu, na zilikuwa zimefungwa tayari.

"Niliona mtandaoni," Seweryn akasema.

Mzee akaisukuma karatasi kwake. "Mvivu namwamsha. Mlevi namrudisha kwao. Lakini anayenidanganya siwezi kumpa ashike kamba ambayo mwenzake ananing'inia kwayo. Nenda salama, kijana. Nawe mama, huyo mtoto mpe asali."

Tulirudi garini, nikaweka ufunguo mapajani. Jibu zuri namna ile, na mimi ndiye niliyelikata miguu.

"Nisamehe," nilisema. "Nitakutafutia nyingine."

"Ipi? Ya kupanga makopo dukani, kwa kuwa huko hawaulizi?"

"Nilikuwa nakulinda."

"Najua, dada. Kila mtu ananilinda. Mama ananilinda nisionekane kwa shangazi siku ya Krismasi." Alifuta kioo kwa kiganja. "Ungeandika tu nilikuwa jela. Angalau angeniuliza kule nilikula nini."

Kalina akauliza kama jela kuna biskuti.

"Nipe kalamu," Seweryn akasema.

Wino ulikuwa umeganda. Aliipulizia kalamu, akaisugua mikononi, akaandika nyuma ya wasifu, karatasi ikiwa gotini: maandamano ya usawa, mara mbili, watu mia tisa, mkuu wa vifaa, hakuna aliyeumia. Chini akaweka jina na namba ya simu ya mratibu.

"Si lazima," nilimwambia. "Akikukataa kwa hili itauma zaidi."

"Itauma. Lakini atakuwa amemkataa mtu aliyefunga lile jukwaa."

Alishuka. Niliona mgongo wake ukivuka theluji ya uani, nikamsikia akibisha, mlango ukafunguliwa. Baada ya hapo sikuweza kutazama tena. Niliegemeza paji la uso kwenye usukani, nikawaza yote niliyokwisha kuwafutia vijana wa kikundi: kambi za watoto walizoziongoza, simu za usiku walizozipokea, hesabu, mabango, safari. Kazi tupu. Nikajiambia Jumatatu nawaita wote, mmoja mmoja, tuanze upya, kisha nikaogopa tena.

Nyuma yangu Kalina alikuwa amesimama juu ya kiti, pua kwenye kioo, akifuta ukungu kwa mkono wa koti lake. Dirisha la ofisi lilikuwa mbele yake.

"Mama," akasema, "babu amevaa miwani anasoma."