Kifua cha Dume wa Mama Mkwe

Nina stashahada ya ufugaji na watoto wanne, na Alhamisi ile nilikaribia kumhasisha dume safi kwa sababu ya mvua.

Ushirika wetu hapa Menz, milimani, ulikuwa umeamua kubaki na kondoo wa asili tu. Dume mwenye damu ya kondoo wakubwa wa mabondeni anahasiwa, basi. Kazi ya kuwatenganisha nilipewa mimi: kimo, mkia, mzunguko wa kifua. Nilikuwa na jedwali langu na futi ya fundi cherehani, na niliwatangazia watu, bila haya, kwamba macho hudanganya lakini futi haidanganyi.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya mama mkwe wangu, Wubalem. Ni mjane, ana majike tisa na dume mmoja. Uzi anaofumia mablanketi hutoka kwa watoto wa dume huyo, nao ndio unaomlisha.

Nikazungusha futi kifuani. Sentimita themanini na moja. Mwisho wa jedwali langu ulikuwa sabini na tano.

"Mama, huyu amechanganyika. Kifua kimezidi."

"Baba yake alizaliwa nyuma ya jiko langu," akasema. "Labda alikuwa akitoroka kwenda kuoa mabondeni."

Watu wakacheka. Ato Tilahun, mwenyekiti, tayari alikuwa ameshika koleo la kuhasia. "Dada Wubalem, mtaalamu ni mkweo. Usitucheleweshe."

Wubalem akamsogelea dume. Aliyakamua manyoya ya dume kwa viganja viwili, maji yakachuruzika juu ya kiatu changu.

"Askale, mwanangu, ulisoma miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Na miaka yote hiyo hamkumvua nguo hata kondoo mmoja? Umepima blanketi."

Kitabu kinasema futi iguse ngozi. Ukurasa huo nimewahi kuufundisha mwenyewe. Lakini chuoni tulipima kondoo wenye manyoya mafupi, na asubuhi hiyo nilikuwa na baridi ya mvua, na nyumbani nilikuwa nimeacha mchuzi wa shiro jikoni, nikaharakisha.

Akayatenganisha manyoya kwa vidole. Nikapenyeza futi mpaka ngozini. Sabini na mbili.

"Rudia," akasema Ato Tilahun.

Sabini na mbili.

"Nimekosea," nikasema. Ato Tilahun akaweka koleo chini, akafungua daftari.

"Na yule wa Jumanne aliyezidi? Naye ulimpima juu ya manyoya?" akauliza.

Kila mtu alijua jibu. Dume wa Jumanne alikuwa wetu. Nilimtanguliza mwenyewe ili mtu asiseme napendelea nyumba yangu. Hata mguu nilimshika mimi alipohasiwa.

Mume wangu Kassaye, aliyekuwa amesimama nyuma, akauliza taratibu, "Sasa majike yetu yatakuwaje?"

Nikamwendea mama yake. "Mama, naomba utuazime dume wako. Mwezi mmoja tu."

Aliendelea kukamua manyoya. "Dume yupi? Huyu wa mabondeni?"

"Si wa mabondeni, mama."

"Waambie hawa ni wa wapi."

Nikageuka, nikawaambia kwamba dume wa Wubalem ni kondoo halisi wa Menz, na kwamba mwenye kasoro ni mpimaji.

"Walio nyuma hawajasikia," akasema.

Nikasema tena.