Raba Zilizonukia Mkate

Kwa jina la Mola anayeikunjua alfajiri kama kitambaa cheupe juu ya macho ya waja wake, naifungua habari hii. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyetangulia jua kuamka akamkumbuka Muumba wake. Namwomba Mola anipe ulimi mwepesi, kwa kuwa ninaowasimulia ni watu wepesi wa kucheka, na habari yao nayo ni nyepesi, ila ndani yake mna uzito wa mtoto anayeondoka nyumbani.

Kwanza niwaweke watu hawa mahali pao, kama wanavyokaa mkekani wakati wa chai. Penye ukuta, akiegemea mto, hukaa Bibi, ambaye macho yake yamechoka lakini ulimi wake haujui uchovu. Ubavuni pake hukaa bintiye, mwoka mikate, mwanamke mwenye unga kwenye nyusi hata akiwa ametoka kuoga. Mbele yao hukaa mume wa huyo mwoka mikate, fundi saa, ambaye mtaa mzima humwita Bwana Dakika, kwa sababu hurekebisha saa za watu wote na yeye mwenyewe hajawahi kuwahi popote. Na karibu na mlango, kama mtu aliye tayari kuinuka, hukaa binti yao wa pekee, muuguzi wa hospitali, mrefu kama baba yake.

Bwana Dakika alikuwa mpenzi wa kukimbia. Hakukimbilia zawadi wala sifa. Zamani daktari alimwambia aiamshe damu yake, naye akaanza kukimbia kama anywaye dawa chungu, akifumba macho. Mwisho dawa ikageuka asali. Kila siku baada ya sala ya alfajiri aliketi kwenye kizingiti, akafunga kamba za raba zake, akashuka barabara ya mtaa, akapita ukuta wa shule, akafika bwawani ambako mji huchota maji yake. Hapo pana tuta la nyasi lililozunguka maji, na juu ya tuta pana njia nyembamba ya changarawe.

Saa ile bwawa huwa bado limelala. Ukungu husimama juu ya maji kama pazia ambalo hakuna aliyelishika, na miti ya ng'ambo huonekana imeota hewani, haina shina. Bwana Dakika alipokuwa akikimbia ndani ya ukungu huo, alihisi kwamba si yeye anayekwenda. Ni dunia inayopita taratibu chini ya nyayo zake, nayo inamwomba asiiharakishe. Pumzi iliingia na tasbihi ikatoka. Mguu ulianguka na jina la Mola likaanguka nao, hata akawa hajui kama ni dhikri iliyokuwa ikiubeba mwendo au ni mwendo uliokuwa ukiibeba dhikri. Mara nyingine alifika nyumbani bila kukumbuka njia, kama mtu aliyerudishwa usingizini na mikono asiyoijua.

Tangu binti yake akiwa mwanafunzi, baba na mtoto walikuwa na ahadi. Siku moja wangelizunguka bwawa lote bega kwa bega, bila kutembea hata hatua. Ahadi hiyo iliahirishwa na mitihani, ikaahirishwa na homa, ikaahirishwa na zamu za hospitali. Kisha ikaja habari kwamba binti amehamishiwa hospitali ya mji wa mbali, ambako wagonjwa ni wengi na wauguzi ni wa kuhesabika, naye anatakiwa kuondoka Jumapili baada ya masika. Wakaafikiana kwamba Jumamosi ya mwisho itakuwa ndiyo siku yao.

"Lakini nakwambia mapema, baba," binti alisema siku hiyo huku akimenya chungwa. "Nikikuona umechoka, siendi. Hospitali ziko hata hapa."

"Mimi nichoke? Wewe omba tu usiniombe maji njiani."

Wakacheka wote. Ila Bwana Dakika aliyameza maneno yale na yakamkaa kifuani, maana alimjua mwanawe: akisema siendi, haendi.

Masika yalikuja kwa nguvu. Kila asubuhi fundi alirudi na raba zinazomwaga maji, na kila asubuhi aliziacha uani na kukimbilia dukani, akiwa tayari amechelewa. Uani kulikuwa na tanuri la matofali la mkewe. Mikate ikishatoka, tanuri hubaki na joto la kutosha kwa saa nyingi, na nyumba ile haikuwa na desturi ya kupoteza joto. Humo walikaushia kuni, majani ya dawa ya Bibi, mito iliyolowa na soksi. Mwoka mikate alizitazama raba za mumewe, akamhurumia, akazipanga kwenye sinia la bati, akazisukuma ndani na kufunga mlango. Alfajiri iliyofuata aliziweka kizingitini, kavu na zenye joto.

Mumewe alizivaa akatabasamu gizani. Zilikuwa na joto kama mkono wa mtu anayekupenda, na zilinukia mkate. Hakuuliza zilikaukaje, alikuwa amezoea kutunzwa. Siku ile alikimbia katika mvua nyembamba akinusa mkate kila alipoinua goti, akajiona kama mtoto aliyetumwa dukani ndani ya ndoto. Mkewe, alipomwona amerudi anacheka, akazirudisha tanurini. Na kesho yake tena, na masika yote.

Kidogo kidogo miguu ikaanza kumlalamikia. Kwanza vidole, kisha kisigino, kisha uchungu ukapanda hadi magotini. Akifika kwenye kona yenye jiwe kubwa, ng'ambo ya bwawa, alikuwa akichechemea. Akaketi juu ya jiwe lile, akatazama ukungu, akajiambia kwa sauti ndogo, "Basi. Uzee umefika."

Haya ndiyo niliyoyastaajabia baadaye, kwa sababu huyu ni fundi saa. Dukani mwake kuta zote ni saa, kila moja inasema lake, moja ni adhuhuri na jirani yake ni magharibi, na mteja akiingia huhisi ameingia katika siku zote kwa pamoja. Mteja akisema, "Saa yangu imekufa," fundi humjibu bila kuinua kichwa, "Saa yako haijafa mpaka niifungue." Huifungua, na mara nyingi hukuta kimekwama kichembe cha vumbi. Mtu huyu aliyekuwa haamini kifo cha saa ya mtu yeyote aliamini mara moja kwamba miguu yake mwenyewe imekwisha, wala hakufungua kitu.

Akaficha. Alianza kutoka mapema zaidi ili binti asimfuate, akarudi akijikaza asichechemee mlangoni. Lakini bwawa lina mlinzi, na mlinzi ana mdomo. Alikutana na binti sokoni.

"Mzee wako siku hizi haji kukimbia," mlinzi alisema. "Anakuja kulilinda jiwe. Nimwambie aniachie kazi yangu."

Binti hakucheka. Alirudi nyumbani, akaketi miguuni pa Bibi, akaanza kumkanda vidole kama afanyavyo akiwa na jambo.

"Bibi, mimi sitaondoka."

"Nani kakukataza, mke mwenzangu?"

"Baba anaumwa, anatuficha. Jumamosi nitakimbia naye. Akisimama, Jumatatu nakwenda kuwaambia nimebaki."

Bibi alijiinua kidogo kwenye mto. "Na wale wagonjwa wa huko?"

"Usiniulize, Bibi."

"Nimeshauliza," akasema Bibi, naye akauvuta mguu wake akaufunika kwa kanga.

Jumamosi ikafika na anga iliyoosheka. Mvua ilikuwa imekatika usiku, na ukungu wa siku ile ulikuwa mzito hata taa za barabara zilionekana kama miezi midogo iliyoshuka kuchungulia. Baba na binti walishuka pamoja bila maneno mengi. Mlinzi aliwafungulia lango.

"Leo naona umekuja na daktari wako, fundi."

"Nimemleta nimchoshe."

Wakaanza. Mwanzoni ilikuwa kama walivyoiwazia miaka yote. Maji hayakuonekana, yalisikika tu yakigusa tuta. Na wao, wakiwa bega kwa bega, walionekana kama watu wawili wanaokimbia juu ya wingu. Binti alimsikia baba yake akivuta tasbihi chini ya pumzi, sauti ileile iliyokuwa ikimlaza utotoni, akatamani njia isipinde. Lakini ikapinda. Karibu na jiwe pumzi ya baba ikakatika, mguu ukaburuza changarawe, na mwendo ukafa.

Wakasimama. Ukungu ukawazunguka kimya.

"Ni kamba tu imelegea," alisema Bwana Dakika, naye hakuinama kuitazama.

"Keti, baba."

"Mwanangu, utakwenda. Usiangalie mguu wangu, angalia safari yako."

"Keti kwanza."

Akaketi juu ya jiwe lake. Binti akapiga magoti kwenye umande, akafungua kamba kama afunguavyo bandeji, akavuta raba. Haikutoka. Akavuta tena kwa mikono miwili, ikatoka kwa kishindo, naye akaangukia nyasini. Akaichukua soksi, akaiondoa. Vidole vya baba yake vilikuwa vyekundu, vimekunjamana na kupandana kama watoto wanaolazwa kitanda kimoja. Aliminya kifundo, akakunja goti, akasikiliza. Goti lilikuwa zima. Kisha akaiokota raba, akaiegemeza kwenye unyayo wa baba yake, kisigino kwa kisigino.

Unyayo uliipita raba.

Akaileta puani. Akainusa tena, kwa makini ya mtu anayenusa dawa.

"Baba," akasema polepole, "raba hizi huwa zinakaushwa wapi?"

"Mama yako ndiye anayejua. Huwa naziona kizingitini, zina joto."

"Zina joto kama mkate? Zimesinyaa, baba."

Bwana Dakika alimtazama mwanawe, akaitazama raba, akautazama mguu wake uliopumua. Nami nadhani hapo ndipo alipowaona wateja wake wote wakiwa wamesimama mbele ya jiwe lile, kila mmoja na saa yake mkononi. Akaanza kucheka, kwanza mabegani, kisha tumboni, hata akalishika jiwe asianguke.

"Mama yako ameniokea miguu."

"Na wewe fundi mzima umeshindwa kufungua."

"Nimeshindwa. Ningekuwa saa, ningejitupa."

Akavua na raba ya pili, akafunga kamba moja kwa nyingine, akazitundika shingoni. Akasimama juu ya nyasi baridi, vidole vikajikunjua kimoja kimoja. Binti akamtazama, kisha naye akavua zake.

"Ahadi haikusema viatu," alisema.

Wakaendelea pembezoni mwa njia, penye nyasi. Sijui niielezeje sehemu hii. Mlinzi husema aliona kwanza raba zikielea juu ya ukungu, kisha vichwa viwili, kisha watu. Jua lilikuwa linaingia ndani ya ukungu nao ukawa maziwa yenye dhahabu, na ndege wa majini waliinuka mbele yao bila kupiga kelele, wakatua nyuma yao. Baba alikuwa mwepesi kiasi cha kuogopa kutazama chini. Wakati fulani binti alibaki nyuma.

"Nikuombee maji?" baba akauliza.

"Kimbia, mzee, usinitie uvivu."

Walipofika langoni hapakuwa na aliyetembea hata hatua.

Nyumbani, mwoka mikate alisikia habari yote mkono ukiwa ndani ya unga. Akaketi juu ya gunia, akajifunika uso.

"Nilitaka uvae vitu vikavu, mume wangu. Kumbe nilikuwa nakuumiza kila siku."

"Umeniumiza vizuri," mumewe akasema. "Nani mwingine mtaani anakimbia na miguu iliyoiva?"

"Mnajua mimi mnanikaushia dawa humo humo," Bibi akasema kutoka kwenye mto wake. "Sasa naelewa kwa nini nafupika."

Nyumba ikavunjika mbavu. Ndipo binti alipoiokota raba moja, akaingiza mguu wake, akakanyaga. Akaivaa na ya pili, akaenda hadi mlangoni, akarudi. Zilikuwa zake kana kwamba alipimwa. Masika yote mama yake alikuwa akimshonea viatu vya safari bila kujua, kwa moto, siku baada ya siku.

Mama alinawa mikono, akaenda kufungasha mikate.

Jumapili binti aliondoka akiwa amezivaa. Nimesikia kwamba huko aliko, kabla ya zamu, hukimbia kwenye barabara asiyoijua vizuri, na asubuhi za ukungu hunusa mkate kila ainuapo goti. Baba yake amenunua raba mpya. Zikilowa, hukaushwa kivulini, kwenye kamba, na mlango wa tanuri hufungwa zikiwa mbali. Bado huchelewa dukani. Akifika kwenye lile jiwe hapumziki. Huligusa kwa kiganja na kupita.

Ee Mola, aliyeondoka umlinde ugenini, na waliobaki uwape subira iliyo nyepesi. Mbariki mzee aliyeegemea mto, usiuchoshe ulimi wake kabla ya wakati. Libariki tanuri na mikono ya mwenye tanuri, usiyakaushe mapenzi yake. Ibariki miguu ya anayekimbia alfajiri akilitaja jina lako. Na mkeka ule, penye nafasi iliyo wazi karibu na mlango, uujaze salama mpaka mwenyewe arudi. Amina.