Nguo Zilizogoma Kukunjika

"Shoga, hivi nguo zako zimegoma kukunjika?" jirani alimuuliza Mama Chupa, beseni kiunoni.

"Zimegoma."

"Afadhali zako. Zangu zimegoma kukauka."

Wakacheka, jirani akaenda zake kumgeuza mumewe kitandani.

Ilikuwa kweli. Tangu Jumatatu, shuka alilolikunja Mama Chupa lilijikunjua taratibu, kona kwa kona. Barua zilinyooka ndani ya bahasha mpaka zikazichana. Jumatano magoti nayo yakafuata. Hayakuuma, hayakukunjika tu. Akawa anakula wima, analala ameegemea kabati, anasali wima. Hilo la mwisho ndilo lililomkosesha raha, maana miaka tisa ya ujane hakuwahi kumwomba Mungu bila kupiga magoti.

Sababu aliijua. Kazi yake ilikuwa kuosha chupa za maabara, ndiko jina lilikotoka. Ijumaa alichomoa jokofu dogo ili achomeke mashine ya kusugulia sakafu, akasahau kulichomeka tena. Jumatatu asubuhi akakuta maji chini. Akayapangusa, akachomeka plagi, akanyamaza.

Kilichokuwa humo mkuu wa maabara aliwahi kumweleza, huku akichezea waya wa simu. "Protini ni uzi mrefu, mama. Hapa unajisokota kama springi, pale unajipanga kama bati lenye mawimbi, katikati panabaki kishimo. Dawa ya kweli inaingia humo, inashika. Sasa joto likiukunjua uzi, kishimo hakuna. Dawa itashika nini?"

Wiki hiyo ilikuwa ya jaribio la mwisho la dawa namba kumi na tisa, ya ugonjwa wa damu. Mwezi uliopita ilishika kama kupe. Safari hii haikushika. Jumatano ikaandikwa kwamba haifai, na orodha ya wagonjwa waliokuwa waanzishiwe ikafutwa. Mume wa jirani alikuwa wa tatu.

Alhamisi Mama Chupa aliingia ofisini kwa mkuu, akasimama.

"Bosi, jokofu nilichomoa mimi. Tangu Ijumaa mpaka Jumatatu."

Mkuu akamtazama miguu. "Magoti?"

"Magoti."

"Mimi vidole." Akainua mkono. Vidole vilikuwa vimenyooka kama rula, kalamu imefungwa kiganjani kwa plasta. "Niliiona ile protini, mama. Ilikuwa imeganda nyeupe kama ute wa yai lililochemshwa. Nikasaini hivyo hivyo."

"Basi turudie."

"Ripoti imeshaenda. Nikirudia, nitawaambia nilisaini nini?" Akageukia karatasi zake. "Chupa zimejaa huko, mama."

Mama Chupa akaenda akaziosha zote.

Jioni jirani akaja kuazima pasi. Mama Chupa alimpa, kisha akamweleza yote, akianzia kwenye plagi. Jirani alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Kwa hiyo ile dawa inashika?"

"Inashika."

"Na wewe unajua tangu Jumatatu."

"Ya jokofu, tangu Jumatatu. Ya dawa, tangu jana."

"Jana si ndiyo uliniuliza mgonjwa anaendeleaje?"

"Nilikuuliza."

Jirani akaiweka pasi juu ya meza, polepole, kama kitu cha kuvunjika. Akajitanda mtandio wake, akatoka.