Mikono Iliyokanda Mkate

Kanisa zima lilimwita Mama Mkate, na jina hilo alilivaa kama gauni jipya. Mume alikwisha kutangulia mbele ya haki, watoto walikuwa wametawanyika kila mmoja na maisha yake, simu wanapiga wakikumbuka. Kilichomwamsha na kumfanya achane nywele ni kazi moja tu: kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, mkate uliomegwa kwenye meza ya Bwana ulitoka kwenye oveni yake. Haikuwa kazi ya mshahara. Lakini thubutu kumnyang'anya, uone.

Sasa, ajali haina kinga. Aliteleza kwenye ngazi za kanisa zilizokuwa zimetoka kupigwa deki, akaangukia mkono wa kulia, ukavunjika. Wakamfunga plasta mpaka kwenye kiwiko. Washirika wakaja kumpa pole, wakaketi, wakanywa chai aliyoichemsha mwenyewe kwa mkono wa kushoto, wakasema, "Tutakuombea, Mama," wakaenda zao. Maombi ni mazuri, nani anakataa? Ila maombi hayaoshi masufuria.

Aliyeosha masufuria ni Fundi. Huyu alikuwa mshonaji wa mlango wa pili, Mwislamu, mwanamke wa ushungi na maneno mengi. Majiko yao yalitenganishwa na ukuta mwembamba, mmoja akipiga chafya mwenzake anamwambia pole. Wala usidhani walianza kwa kupendana! Fundi alipohamia, Mama Mkate alikuwa akipita mlangoni pake huku anakemea mapepo kimoyomoyo, na cherehani ikilia saa ya maombi yake, anapandisha wimbo makusudi. Ilichukua miaka, chumvi ya kuazimana, na homa kali iliyowalaza wote wawili kwa zamu, ndipo wakawa dada na mdogo wake.

Jumamosi ya kuoka ilipofika, Mama Mkate alijaribu kukanda kwa mkono mmoja. Bakuli likazunguka mezani, likaenda chini, unga ukamwagika mpaka uvunguni mwa kabati. Akakaa kwenye kigoda akalia. Fundi akasikia, akaja mbio.

"Dada, mtu mzima unalilia unga?"

"Nalilia kesho. Kesho ni meza ya Bwana."

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mikono yangu hii ina kazi gani?"

Akaenda kutawadha kama anayekwenda kuswali, akarudi, akakunja mikono ya gauni. Mama Mkate, kama ilivyokuwa desturi yake, akainama juu ya bakuli akasema Baba Yetu mpaka amina. Fundi akasubiri kwa adabu. Kisha naye akasema, "Bismillahi," akatia mikono kwenye unga.

Mama Mkate alishtuka. Alitaka kumwambia asiseme. Lakini angeanzaje? Mtu amekuja kukusaidia, amejitakasa, amemtaja Mungu kabla ya kazi, halafu wewe mcha Mungu umwambie asimtaje? Akabaki kuelekeza: maji kidogo, hapo hapo, kanda mpaka uvutike.

Mkate ule, jamani! Fundi alikuwa na vidole vya mtu anayeshindana na vitambaa vigumu kutwa nzima. Kesho yake hata wifi yake Mama Mkate, dada wa marehemu mumewe na mwenyekiti wa akina mama kanisani, mtu ambaye kusifu kwake ni kama kung'olewa jino, alisema, "Leo umejitahidi." Akaomba na mkate wa akiba uliobaki, akanywee chai. Hakuuliza nani amekanda, na Mama Mkate hakusema.

Mwezi uliofuata wifi huyo huyo alipita Jumamosi kuleta kitambaa cha meza. Akakuta mlango uko wazi, na Fundi anasema Bismillahi, anazamisha mikono bakulini. Wifi hakubisha hodi. Aligeuka pale pale, kitambaa kwapani, akanyoosha njia kwa mchungaji.

Alasiri hiyo Mama Mkate akaitwa ofisini kwa mchungaji, chumba kidogo chenye viti vya plastiki na feni inayozunguka ikijisikia. Mchungaji alikuwepo, kijana bado, mwenye tabia ya kukuna kidevu akikosa jibu. Palikuwa na mzee wa kanisa, na wifi, mkoba mapajani.

"Mkate wa Bwana unasomewa dua za dini nyingine!" wifi akaanza.

"Ule uliouomba ukanywee chai ulisomewa hiyo hiyo," Mama Mkate akajibu. "Ulikuuma tumbo?"

Mzee wa kanisa akakohoa kuficha kicheko. Wifi akaufunga mkoba uliokuwa umefungwa tayari.

"Mama, tusiyakuze mambo," mzee akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kweli. "Wewe sema tu kwamba yule ni kibarua, alikushikia bakuli. Maombi yalikuwa yako, na mkate ni wako. Na siku ya kuoka asikanyage tena jikoni kwako. Ukikubali, yameisha, kazi yako iko pale pale. Ukikataa, mkate tutanunua dukani."

Sentensi moja tu, na kesho angekaa mahali pake kama kawaida, akiutazama mkate wake ukimegwa. Akaifungua midomo aiseme. Akamwona Fundi kama alivyomwacha, na unga puani, anafunika bakuli kwa kitambaa ili lisipigwe na upepo.

"Kuna mtu aliulizwa kuhusu rafiki yake akasema simjui," akasema. "Tumemhubiri miaka yote, yeye na jogoo wake. Leo mnataka nimfuate?"

Akauweka mkono wa plasta mapajani.

"Mimi namwamini Yesu, na mkate ule ni wake. Fundi haamini ninavyoamini, na hajawahi kunificha, wala mimi sijamficha. Hatukuchanganya dini, tulikanda unga. Nilipoanguka, aliyekuja ni yeye. Na huo wa dukani, aliyeukanda mnamjua? Mmemuuliza anasali wapi?"

Mchungaji akakuna kidevu. Mzee akashusha pumzi, akasema basi, utanunuliwa wa dukani. Mchungaji hakutia neno, na hilo ndilo lililomuuma Mama Mkate kuliko yote, maana yule kijana alimpenda kama mwanawe.

Nyumbani alimkuta Fundi anamsubiri, unga umeumuka umeinua kitambaa. Njia nzima alikuwa akitafuta namna ya kulisema, na namna haikuwepo. Akalisema kama lilivyo.

Fundi akafuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja.

"Kwa hiyo mikono yangu ni michafu."

"Kwangu mimi si michafu."

"Ungesema walivyotaka, dada. Ningekuelewa."

"Ungeelewa, lakini usingerudi."

"Ningerudi," Fundi akasema. "Ila ningebisha hodi."

Mama Mkate akamkumbatia kwa mkono wake mmoja mzima, wakalia kidogo, wakachekana kwa kulia. Hatimaye Fundi akalivuta bakuli. "Haya, huu unga hauna habari ya vikao vyenu. Tuoke, tunywee chai. Mume wangu naye ameshanihoji. Amesema unga ni unga, ila nikirudi nanuka divai nitamtambua."

Mkate ulikuwa unatoka kwenye oveni waliposikia hodi. Alikuwa mchungaji, jasho linamtoka, mikono mitupu.

"Nimefika mpaka dukani," akasema, hata kuketi hajaketi. "Nimeushika mkate wao, nikajiuliza nani ameukanda. Nikaurudisha. Mama, nilikaa kimya pale ofisini, na haikufaa. Nisamehe." Kisha akamgeukia Fundi. "Dada, naomba ruhusa. Kesho niwaambie watu kwamba mikono ni yako."

Fundi akamtazama Mama Mkate, akamtazama mchungaji. "Waambie. Mimi sijaiba kitu."

Kesho yake akawaambia, mbele ya wote, bila kuzungukazunguka. Wa kwanza kusimama alikuwa mzee wa kanisa, na magoti yake mabovu, akaenda mezani. Wengine wakafuata. Si wote. Wapo waliobaki kwenye viti wakitazama sakafu, na wifi alikuwa miongoni mwao. Mama Mkate alikula kipande chake kwa furaha, macho yakimrudia wifi.

Mwezi ukapita. Plasta ikatolewa, lakini Fundi bado alikuja Jumamosi, kisingizio mkono haujapata nguvu. Alikuwa ndiyo kwanza anakunja mikono ya gauni mtu alipobisha.

"Hodi."

"Karibu," Fundi akaitikia, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na mlango.

Alikuwa wifi. Amejifunga aproni juu ya gauni lake la vikao, na uso wa mtu aliyegombana na nafsi yake njia nzima.

"Mwezi uliopita sikula," akasema, akimtazama Mama Mkate kwa sababu kumtazama Fundi kulimshinda. "Nilitaka, nikashindwa. Nilirudi nyumbani na njaa ambayo chakula hakiiondoi. Sasa nimefikiri, labda nikikanda na mimi, nitaweza kula."

Ni Fundi aliyechukua jagi la maji, akasogeza beseni.

"Nawa kwanza, wifi," akasema.

Wifi akashtuka kusikia anavyoitwa. Kisha akanyoosha mikono yote miwili, na Fundi akammiminia maji.