Mgeni Asiyepiga Hodi

Bi Zeina alikuwa amechoka hata jua halijapanda. Chumba chake kiko chini ya duka la vitenge la mwanawe Abdulla, Kariakoo, ngazi kumi na mbili kuingia ardhini, na magoti yake yalishaikataa kazi hiyo zamani. Lakini hicho ndicho chumba cha uzazi cha ukoo. Humo yeye mwenyewe alikaa arobaini mara nne. Sasa alikuwa akimngoja mjukuu wake Rahaf, binti wa Abdulla, mwenye mimba ya miezi minane, aje akae naye siku zake arobaini, mlango umefungwa, upepo usimpige mtoto.

Ila Rahaf ni mwalimu wa sayansi, na mwalimu hatishiki kwa bibi. "Sikai humo mpaka kipimwe," alisema, akamleta shoga yake Benedikta, mtu wa vipimo vya hewa.

"Shikamoo bibi," alisema Benedikta, akiweka mezani kidude mfano wa redio ndogo.

"Marahaba. Ndicho kinachonusa hicho?"

"Hakuna cha kunusa, bibi. Ni gesi, inaitwa radoni. Haina harufu wala rangi. Inatoka kwenye mawe na udongo, inapenya nyufa za sakafu. Chumba cha chini kikifungwa, inajaa. Ukiivuta miaka mingi inaharibu mapafu."

"Mie nimeivuta arobaini na sita."

Benedikta akakiwasha kidude. Akaagiza tu mlango na kidirisha vifungwe siku tatu, vifunguliwe kwa kuingia na kutoka basi.

Bi Zeina aliitikia, na kufunga alifunga. Lakini alfajiri, akishaswali, mkono ulikwenda wenyewe kwenye komeo, akaufungua mlango, akauzuia kwa kinu usijifunge mpaka saa tatu. Mlango uliofungwa asubuhi hufukuza riziki. Mama yake ndivyo alivyomwambia, naye hajawahi kubishana na marehemu. Siku zote tatu.

Siku ya nne Benedikta akasoma kipimo. "Themanini na sita. Mpaka wa usalama ni mia. Mko salama."

Rahaf, aliyekaa kitandani kashika kiuno, akacheka. "Haya bibi, umeshinda. Mie nitalala upande wa ukutani."

Ndicho alichokuwa akikitaka bibi. Mashuka alishafua, udi alishanunua. Bi Zeina akautazama mlango, kisha akaitazama ile mimba. Katika arobaini hakuna alfajiri ya kufungua mlango. Na mwenye kuusimamia usifunguliwe angekuwa yeye.

"Benedikta mwanangu, usifungashe kwanza," alisema. "Mlango nilikuwa naufungua."

"Lini?"

"Kila siku. Mpaka saa tatu."

"Jamani bibi. Si nilikwambia?"

"Uliniambia. Na mama yangu aliniambia. Yeye alitangulia."

Wakapima upya. Safari hii Bi Zeina alilazwa juu kwa Abdulla, na ufunguo akakaa nao Rahaf. Kipimo kikasema mia tatu na kumi.

"Fundi azibe nyufa," alisema Benedikta, "apitishe bomba toka chini ya sakafu hadi juu ya paa, na feni ya kuivuta hiyo hewa itoke. Halafu tupime tena."

"Mtoto atakuta tayari?"

"Sidhani, bibi."

Bi Zeina akaketi kwenye ngazi ya chini kabisa. Hakulia, kulia nako kunataka nguvu.

"Kitendawili," alisema.

"Tega," akajibu Rahaf.

"Mgeni wangu hapigi hodi, hali wali wangu, na nimelala naye miaka arobaini na sita simjui."

Jibu Rahaf alikuwa nalo mdomoni. Akalimeza. "Kimenishinda. Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Ghorofa ya tatu, kwa baba. Chumba cha madirisha mawili. Arobaini tukae huko."

"Una ngazi ngapi mji huo?"

"Hamsini na nne."

Bi Zeina akashika ukuta, akainuka polepole. "Mji wenyewe uko mlimani," alisema. "Nishikie chetezo basi. Godoro atalibeba baba yako."