Mkono Begani

"Awa, funika wengine wote," sauti ya Bibi Dalila ilisema nyuma ya pazia. "Mimi nimo edani. Sikodolei macho kundi la wanaume."

Anuar alikuwa kwenye jamvi ukumbini, goti likimtikisika. Miaka nenda miaka rudi anazunguka kutoka Namoto hadi Pundanhar akitafuta picha za kale za timu za kriketi, watu wakimcheka kuwa amerogwa na suruali nyeupe, na leo amesahau kuwa mjane ana eda! Hamnazo kabisa.

Picha alikuwa ameshaisukuma chini ya pazia. Alipewa na fundi cherehani wa Lindi, na mmoja wa wachezaji waliomo alikuwa babu yake Anuar, Muhamadi. Picha ya babu iliyokuwa nyumbani iliungua mji wa Palma uliposhambuliwa. Ilining'inia ukutani miaka yote asiitazame vizuri, na sasa sura haimjii. Hilo linamuuma kuliko moto wenyewe. Picha za kwenye simu nazo alizipoteza akikimbia, na tangu hapo anaamini karatasi tu. Aliyebaki wa kumwonyesha babu ni bibi huyu, mke wa marehemu Bashiru, aliyecheza timu moja na babu.

Kule ndani, mjukuu wa bibi, Awa, alikuwa akisogeza upindo wa kanga juu ya picha, akifunua uso mmoja mmoja.

"Huyu, Bibi?"

"Siye."

"Huyu je?"

Anuar alijikuta amepiga magoti.

"Ndiye babu yangu?" aliuliza.

"Huyu Bashiru wangu," bibi alisema. "Picha zetu ziliungua zote. Nilishasahau kama alikuwa na nywele."

"Na Muhamadi, Bibi?"

"Si ndiye huyo nyuma, aliyemshika bega! Mkono huo naujua. Hakuwa akimwacha, hata siku ya harusi yetu."

Anuar alifumba macho. Picha ile aliijua yote: nyuma ya kijana aliyeshikwa bega unyevu ulikuwa umekula karatasi. Kichwa hakuna, kifua hakuna. Alitaka kulia, akaona haya.

"Basi nipe equipa yangu, picha ya timu yangu, Bibi, niende zangu."

Picha ilijitokeza nusu chini ya pazia, kanga ikiwa imefunika kila kitu isipokuwa bega na vidole vinne. Anuar alishika pembe yake. Upande wa pili bibi hakuiachia.

Hakuvuta. Goti lake lilikuwa limetulia.